Tupeane uzoefu: Fedha za Marekani zilipokatwa, mradi wenu uliishaje?

Mwelimishaji_Shy
Wakuu habari zenu. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nalitoa.

Nilikuwa mwelimishaji rika kwenye kliniki ya CTC, yaani ya watu wanaoishi na VVU, mkoani Shinyanga, mwaka wa sita. Mkataba wangu ulikuwa na asasi ya hapa hapa mkoani. Asasi ilipewa fedha na shirika kubwa la kimataifa, na shirika hilo lilipewa na serikali ya Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI ulioanza 2003. Stika ya mikono miwili inayoshikana, nembo ya USAID, shirika la misaada la Marekani wakati huo, ilikuwa kila mahali, hadi kwenye meza ya kupimia uzito, lakini hatukuitilia maanani. Tulijua mwajiri wetu ni asasi.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisaini agizo la kusimamisha misaada kwa siku 90. Ijumaa ya tarehe 24 ikatoka amri ya kuacha kazi mara moja. Wiki iliyofuata tukaitwa ofisini kurudisha pikipiki, vitambulisho na vishikwambi. Kishikwambi changu kilikuwa na orodha ya wateja waliopotea kliniki: namba ya simu, kitongoji, njia ya kufika kwake. Kazi yangu ilikuwa kumfuata mtu aliyeacha dawa bila jirani kujua nimefuata nini. Afisa mradi alikuwa anapokea vifaa huku anajifuta machozi, na barua yake mwenyewe ilikuwa mezani.

Kabla sijakirudisha nilimwomba muuguzi wa zamu tukae. Tulinakili mpaka saa moja usiku, yeye anasoma, mimi naandika kwenye kaunta buku, kisha likafungiwa kwenye kabati la kituo. Majina 38.

Siku chache baadaye tukasikia dawa zimeruhusiwa kuendelea. Ni kweli, dirishani dawa zilikuwepo. Ila ruhusa ile haikumrudisha mtu wa kwenda kubisha hodi.

Kwenu ilikuwaje? Na sasa mmejipangaje?

Dala_Kisumu
Pole sana. Sisi kilichotumaliza ni namna ya kulipwa. Shirika letu ni dogo, tulikuwa tunatumia kwanza, tunapeleka risiti, halafu ndio turudishiwe. Pesa za Desemba na Januari zilikuwa zimeshatumika: mafuta ya gari tuliyochukua kwa deni, kodi ya ofisi, chakula cha mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii. Mwenye nyumba alikuja akaweka kufuli lake juu ya letu. Simlaumu, yeye pia ana watoto wa kusomesha.

Mashirika yaliyoenda kortini Washington yalishinda hatua moja. Tarehe 5 Machi Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, ilikataa kusimamisha amri ya kulipa kazi iliyokwisha kufanywa, karibu dola bilioni 2. Nilifurahi kama kesi ni yangu. Siku tano baadaye Rubio, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akatangaza asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, nasi tulikuwa ndani. Mwenye petroli bado ananipigia simu, na kila akipiga napokea.

Mwana_wa_Virunga
Jambo kwenu wote. Miye niko Goma. Kwetu mambo mawili yalifika juma moja: waasi wa M23 waliingia mjini, na barua ya kusimamisha kazi. ONG yetu, yaani shirika letu lisilo la serikali, ilikuwa inapeleka maji kwa lori kambini. Mama mmoja alinionyesha bidoni yake tupu, akaniuliza lori itakuja saa ngapi. Sikuwa na jibu la kumpa mama aliyekimbia vita mara tatu.

Mwaka 2024 asilimia 70 hivi ya pesa ya misaada ya dharura hapa Kongo ilitoka Marekani. Wakubwa wetu waliijua hesabu hiyo. Kila mwaka tulijaza ripoti za mfadhili, lakini sikumbuki hata kikao kimoja cha kuuliza: huyu akiondoka?

Magari ya MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, niliona yanaendelea kutembea. Wao hawachukui pesa ya serikali ya Marekani, na 2016 walikataa pia ya Umoja wa Ulaya kwa sababu ya mapatano yake na Uturuki juu ya wakimbizi. Zaidi ya asilimia 90 ya pesa yao inatoka kwa watu binafsi. Zamani niliwaona wana kiburi. Leo nasema hapana. Lakini hata wao hawawezi kujaza pengo lote hili peke yao.

Leicester_Mbongo
Kama kuna anayefikiria tuhamie kwa wafadhili wa Uingereza, asubiri kidogo. Walikuwa wanatoa asilimia 0.7 ya pato la taifa, 2021 wakashuka 0.5, na Februari 2025 waziri mkuu wao Starmer akatangaza itakuwa 0.3 ifikapo 2027, fedha ziende ulinzi.

Fundi_Bomba
Kijijini kwetu Njombe mfadhili wa maji aliondoka zamani, na bomba bado linatoa. Jumuiya ya watumia maji inakusanya hela kwa ndoo, mimi nalipwa humo, na koki ikiharibika tunanunua wenyewe. Mwanzoni watu walinuna kweli kweli. Mwenye uzi, hamuwezi kufanya hivyo?

Mwelimishaji_Shy
Fundi, hela ya ndoo inanunua koki. Dawa za ARV za mkoa mzima hainunui, hiyo ni kazi ya bajeti ya serikali yetu. Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, tuwadai hiyo. Ila nauli ya kumfuata mtu, hapo umenifungua macho. Kikundi chetu cha akina mama tumeanza kuchanga kila Jumamosi.

Muuguzi amenipa ruhusa ya kuingia na kaunta buku mara moja kwa wiki. Tumeweka alama ya vema kwenye majina 27. Wanne wamehamia machimboni. Wawili wamefariki. Kesho naenda kwa binti mmoja ng'ambo ya bonde, ana mtoto wa miezi minne, simu yake haipatikani tangu Pasaka.