Kozi ya grafiki za kompyuta chuo kikuu na kuchora sijui, niende au nisiende?

mshale_mweusi
Wakuu habari zenu. Nimemaliza sekondari na sasa nataka kuomba chuo, kozi niliyoipenda ni hii ya grafiki za kompyuta, yaani kutengeneza malogo, mabango, majalada ya vitabu na vitu kama hivyo. Photoshop nimejifunza mwenyewe mwaka na nusu sasa, watu wananipa kazi za kadi za mialiko na matangazo ya mitandaoni na wananisifia sana tu. Tatizo kuchora kwa mkono siwezi kabisa, juzi nilichora ng'ombe, mdogo wangu akauliza huyu mbwa kavunjika mgongo? Af kaka anasema naenda kupoteza miaka 3 kusomea kitu ninachokijua tayari, YouTube wanafundisha bure na sahizi AI inachora yenyewe. Sasa naomba kujua, chuo wanafundisha nini cha zaidi, hesabu zipo au hazipo (mimi na hesabu tulishaachana kwa amani), na laptopu ya ram GB 4 itanivusha?

Birika
Mdogo wangu subiri kwanza, usijaze fomu yoyote kabla hujaona orodha ya masomo ya hiyo kozi, semista kwa semista. Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Kuna usanifu wa grafiki, ndio huo wa malogo unaousema, na kuna grafiki za kompyuta ambazo ziko kitivo cha sayansi ya kompyuta, na majina yanafanana mpaka basi. Mimi niliona neno grafiki nikatiki bila kusoma. Wiki ya kwanza mhadhiri kaingia, anatusimulia Ivan Sutherland na programu yake ya Sketchpad ya 1963, jamaa anachora mistari moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga, nikasema hapa nimefika. Wiki ya pili kaandika ubaoni matriksi (jedwali la namba) ya 4 kwa 4. Tuko kwenye pande tatu, hiyo ya nne imetoka wapi? Kumbe matriksi ya 3 kwa 3 inaweza kuzungusha kitu na kukikuza lakini haiwezi kukihamisha kutoka hapa kwenda pale, ndio maana wanaongeza safu moja na mstari mmoja. Semista nzima tukawa na birika la chai la ndani ya kompyuta, lile maarufu ambalo Martin Newell alilitengeneza chuo kikuu cha Utah mwaka 1975, unaliangazia taa, unahesabu kivuli, unalizungusha, unaota nalo. Logo hata moja sikufanya. Mwishowe nililipenda lakini nililia kwanza, na jina langu humu mmeshajua lilikotoka.

bibi_wa_fonti
Birika umenichekesha 😂😂

Mshale, mimi nimesoma huo wa malogo na sasa nafundisha kidogo. Kaka yako kasema kweli nusu. Kama unaenda chuo kujifunza vitufe vya Photoshop baki nyumbani, sisi semista ya kwanza kompyuta tuliigusa kwa nadra sana. Tulikata herufi kwa mkasi. Kweli kabisa, unapewa neno moja, unakata herufi zake kwenye karatasi nyeusi unazipanga juu ya nyeupe mpaka nafasi kati yao zionekane sawa, na hapo rula haikusaidii kitu, maana A ikikaa na V ukipima milimita zilezile ulizoacha kati ya H na I unaona shimo katikati ya neno. Mimi nilikaa na neno moja siku tatu. Na nikuulize, umeshawahi kuangalia O na H za fonti nzuri kwa ukubwa? O inapita kidogo juu na kidogo chini ya H. Aliyechora hajakosea, ukizipima sawasawa jicho linaiona O ni ndogo. Vitu kama hivyo mafunzo ya dakika kumi hayakwambii kwa sababu hujui kama ni vya kuulizwa.

Ng'ombe wako asikutishe hata kidogo. Kuchora kunakotakiwa ni kule kwa kufikiria, vichoro vidogo ukubwa wa stempu, 40 au 50 kwa wazo moja, vibaya vibaya tu. Vya kwanza kumi kila mtu darasani anavyo (balbu kwa ajili ya wazo, dunia kwa ajili ya biashara), unavitoa ili ufike vya nyuma.

Halafu kuna kile kikao cha kukosoana. Kazi zenu zinabandikwa ukutani, wote mnasimama mbele, na mwenye kazi haruhusiwi kuongea. Hapo ndipo utajua kusifiwa na watu wa kadi ni kitu kingine. Mimi bango langu la kwanza mwenzangu aliuliza "hili ni la nini?" na nilikuwa nimeandika ni la nini kwa herufi kubwa katikati.

Hesabu ni kidogo, gridi, uwiano, mambo ya karatasi. Zile nyingine zimefichwa: kalamu ya kuchora mikunjo ya Illustrator (programu ya malogo ya Adobe) inatumia mikunjo ya Bézier, jina la injinia Mfaransa aliyekuwa Renault akiitumia kuchora bodi za magari miaka ya 1960. Wewe unavuta vipini tu, hesabu inapiga kompyuta.

kazi_kwanza
Mimi sikwenda chuo na nakula kwa kazi hii miaka 9. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza cheti, wanauliza nionyeshe ulichofanya. So mshale usiogopeshwe.

Ila niseme ukweli wangu, ada nililipa, nililipia kwenye kuchapisha. Mteja alitaka vipeperushi 2,000, nikaweka ile bluu kali inayowaka, nikatuma faili likiwa bado RGB (rangi za skrini, sio za wino), na ile ziada ya milimita 3 ya nje ya mstari wa kukatia sikuiweka kwa sababu sikujua kama ipo duniani. Vimerudi bluu imekuwa zambarau ya kuzimia na kila kipeperushi kina uzi mweupe pembeni. Skrini inatoa mwanga wake, wino unategemea mwanga unaogonga karatasi, ile bluu wino hauifikii hata ufanyeje. Nikarudia vyote kwa hela yangu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angenishangaa.

Kuhusu AI mi siongei sana, wateja wangu wanakuja nayo wenyewe, picha nzuri, halafu wanasema "nibadilishie hapa tu pengine pote pabaki vilevile, na nataka ikuzwe ikae ukutani". Ndio kazi ninayofanya wiki hii.

Laptopu: GB 4 sahau Photoshop za sasa, Adobe wenyewe kiwango cha chini wanasema 8 na wanashauri 16. Ukikwama anza na Inkscape, ni bure na ni nyepesi, inafanya vekta (michoro unayoikuza bila kuharibika), na kanuni ni zilezile.

mshale_mweusi
Wakuu mmeniokoa asanteni sana. Nimefungua orodha za masomo sasa hivi. Ile kozi niliyokuwa nimeipa chaguo la kwanza, semista ya kwanza: Kalkulasi, Aljebra ya matriksi, Misingi ya kuandika programu. Yaani nilikuwa naenda kwenye birika mzima mzima 😭

Chaguo la tatu ndio lina taipografia (mambo ya herufi) na uchapishaji, ila wanataka kazi 10 za kuonyesha kabla ya usaili. Kadi za mialiko ninazo kama 60, nipeleke zipi?

bibi_wa_fonti
Mbili. Hizo nyingine nane tengeneza mpya, na kila moja ipeleke na vichoro vyake vya penseli, hata vile ulivyovikataa. Wanaokusaili wanataka kuona ulipita wapi kabla ya kufika.

mshale_mweusi
Hata ng'ombe? Nilishamtupa.

bibi_wa_fonti
Kamtoe jalalani mwanangu, umchore mara 40.

Birika
Na kama mgongo ukiendelea kuvunjika njoo kwetu, tutamnyoosha kwa matriksi.