Zawadi gani nimpe mjomba asiyebanduka kwenye jiko la kuchomea nyama?

Mpwa wa Mwisho

Wakuu, habari zenu. Nimebakiwa na wiki tatu na kichwa hakinipi jibu, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Mjomba wangu anatimiza miaka 60. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na katika ukoo wetu mchomaji ni yeye. Sijawahi kuona shughuli nyumbani ambayo mtu mwingine alishika koleo. Nyama anachagua mwenyewe, anaikata mwenyewe, moto anauwasha mwenyewe, na mgeni wa mwisho akiaga atamkuta pale pale na moshi wake. Hajawahi kulalamika hata siku moja.

Nataka nimpe kitu cha kazi hiyo anayoipenda, na safari hii nisikosee. Miaka miwili iliyopita sisi vijana tulichanga tukamnunulia aproni na sanduku la vyuma vya kuchomea, vipande 18, vimepangwa vinang'aa. Alishukuru sana. Aproni aliivaa siku hiyo moja. Sanduku liko juu ya kabati mpaka leo, na yeye anaendelea na koleo lake la zamani na kisu kimoja alichokinoa mpaka kimekuwa chembamba kama jani. Iliniuma, na wala si kwa sababu ya hela. Niliona kwamba hatukuwa tumemwangalia vizuri.

Jiko lake ni la mkaa, pipa lililopasuliwa katikati ambalo fundi alimchomelea miaka mingi iliyopita. La gesi hataki hata kulisikia. Anachoma kuku, mbavu, samaki wakubwa. Nimeweka akiba kiasi, nikipata kitu cha maana nitajikaza. Wachomaji mlioko humu, ninyi mngependa kupewa nini?

Koleo Refu

Ndugu yangu, hongera kwa moyo huo. Nimekaa mbele ya moto zaidi ya miaka 20 na zile seti za sandukuni nazijua. Uma mrefu wa nini? Ukiitoboa nyama kila unapoigeuza unaimwaga maji yake bure. Koleo lake jembamba, ukiinua ubavu mzima linapinda na nyama inaangukia majivuni. Mjomba wako hakuidharau zawadi yenu, ni mkono wake ulioikataa.

Fanya hivi. Kabla hujaingia dukani, tafuta siku anayochoma ukakae naye kuanzia anapowasha. Usimuulize anataka nini, atakujibu hana shida na kitu. Mtazame tu. Moto unamchukua muda gani kukolea? Wavu ukiwa wa moto anaushika na nini? Anausafisha na nini? Anajuaje kuku ameiva: anabonyeza, anakata, anakisia? Pale anapohangaika mpaka amezoea, hapo ndipo pa kutafutia zawadi.

Mama Majivu

Naungana na Koleo Refu. Angalia pia anawashia nini. Kama ni mafuta ya taa, mnunulie bomba la kuwashia mkaa. Ni mkebe mpana wa chuma, wazi juu na chini, una mpini pembeni na kichanja ndani kwa chini. Mkaa unajaza juu ya kichanja, karatasi mbili tatu zilizofinyangwa zinakaa chini, unatia kiberiti. Hewa moto inapanda, hewa baridi inavutwa kutoka chini, na baada ya dakika 15 hadi 20 mkaa wa juu umeanza kuvaa majivu meupe. Hapo unaumimina jikoni. Hakuna kupepea mpaka bega liume, na nyama hainuki mafuta.

Mume wangu alipopewa la kwake na mwanetu alilizungusha mkononi asielewe la nini. Sasa likisogezwa mahali pake tunaulizwa nyumba nzima.

Mfuniko

Mimi ningesema mnunulie jiko lenye mfuniko. Lile umbo la duara linalojulikana duniani kote lilianzia mwaka 1952, Marekani, karibu na Chicago. George Stephen alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya vyuma ya Weber Brothers iliyokuwa ikitengeneza maboya. Alichoka upepo kumpulizia majivu kwenye nyama, akachukua boya, nusu moja akaifanya jiko na nusu nyingine mfuniko, akatoboa matundu ya hewa. Ukifunika, mafuta yanayodondoka hayapati hewa ya kulipuka moto, na kuku mzima anaiva mpaka mfupani bila ngozi kuungua. Mchomaji aliyezoea wavu wazi akionja tofauti hiyo harudi nyuma.

Koleo Refu

Mfuniko, kuhusu faida umesema kweli tupu. Lakini mtu wa miaka 60 aliyeishi na pipa lake, ukimletea jiko jipya unamwambia lile limekwisha. Mimi lingeniuma. Kama ni mfuniko anaokosa, atafutwe fundi auchomelee kwenye pipa hilo hilo, na matundu mawili ya hewa yanayofungwa na kufunguliwa. Jambo moja tu: bati lenye zinki lisitumike, wala wavu uliopakwa zinki usikubaliwe. Zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu. Chuma cha kawaida kisichopakwa kitu, au chuma cha pua, basi.

Dada wa Zamu

Samahani nitoke kidogo kwenye zawadi, ila ni jambo ninalolibeba moyoni. Usimnunulie brashi ya nyaya za chuma kusafishia wavu. Na kama anayo, hiyo ndiyo sababu ya kumnunulia kitu kingine. Vile vinyaya hukatika, vikanasa kwenye wavu, vikaingia kwenye nyama, na mtu humeza bila kujua. Nimewahi kumhudumia mgonjwa aliyekuja akisema amekwamwa na mfupa, kumbe alikula nyama isiyo na mfupa hata mmoja. Unyaya ulikuwa umejichoma kooni. Vingine hufika tumboni na kutoboa utumbo.

Kuna vikwanguo vya mbao ngumu. Kila unapovipitisha juu ya wavu wa moto, ncha inaungua na kujichonga kulingana na nafasi za nyuzi za wavu huo huo. Hata nusu ya kitunguu iliyochomekwa kwenye uma inasugua wavu wa moto vizuri, ukimaliza unapitisha kitambaa kilicholowa mafuta kidogo ukikishika kwa koleo.

Mpwa wa Mwisho

Wakuu, nawashukuru sana. Jumamosi nilikwenda nikakaa naye tangu jioni. Nimefuatana naye miaka yote hii na sikuwa nimeona nilichokiona.

Moto hauhitaji msaada wangu. Anauwasha kwa vijiti vikavu na maganda, hana habari ya mafuta ya taa, na mkaa anausukuma upande mmoja ili upande wa pili ubaki na joto dogo. Wavu anausugua kwa kigae. Hapo yuko salama.

Ila wavu anaushika kwa kitambaa kilichokunjwa, tena kitambaa kile kile anachofutia mikono yenye maji. Vidole vyake vina makovu ambayo mimi nilidhani ni ya kazi za zamani.

La pili ndilo lililonikaa. Giza lilipoingia alianza kukata kila paja la kuku kwenye kiungo, analisogeza karibu na uso, analigeuzageuza. Mara akaniita nimmulikie kwa simu. Akanirudishia mapaja mawili niyaangalie mimi, eti macho yake yana moshi. Hayakuwa na moshi. Mjomba haoni vizuri usiku, na hajamwambia mtu. Ndiyo maana siku hizi kuku wake wanakuwa wakavu: anaogopa kutoa mbichi, basi anawaacha zaidi.

Nimefikiria kipimajoto cha nyama chenye namba kubwa zinazowaka. Nakosea?

Kidole Kinatosha

Hapana mkuu, hilo usilifanye. Mchomaji wa kweli anabonyeza kwa kidole anajua. Ukimpa mzee kipimajoto mbele ya watu umewaambia wote kwamba ameshindwa. Mimi ningekirudisha.

Joto la Ndani

Naheshimu kidole, nami natumia changu. Lakini kidole kinafaa kwenye kipande cha ng'ombe unachokila kila wiki. Kwa kuku ni hatari, na hata rangi inadanganya: kuku mchanga anaweza kuwa na wekundu karibu na mfupa na ameiva kabisa, kwa sababu rangi ya uboho hupenya nje. Mwingine maji yake yakawa meupe na ndani hajafika. Kinachosema kweli ni joto la katikati ya nyama.

Namba hazizidi nne, mtu anazishika siku moja. Kuku nyuzi 74. Nyama ya kusaga 71. Kipande kizima cha ng'ombe au mbuzi, na samaki, 63, ila hicho kipande cha nyama ukipumzishe dakika tatu kabla ya kukata. Mbavu ni habari nyingine, ziko salama mapema lakini bado ni ngumu. Ule ugumu unayeyuka taratibu kadiri joto linavyopanda, na wengi wetu tunazitoa zikiwa kwenye 90 na kitu.

Umuhimu wake kwa mjomba wako ni huo ulioutaja mwenyewe: kuku mkavu. Akiiona 74 kwenye paja, ana ruhusa ya kutoa. Haogopi tena. Kipande kikubwa kikishatoka motoni joto lake huendelea kupanda nyuzi kadhaa, kwa hiyo kila dakika anayoongeza kwa woga inamkausha mara mbili.

Nunua chenye sindano nyembamba kinachosoma ndani ya sekunde chache. Kile kinachochukua nusu dakika kitamuunguza mkono juu ya moto. Kabla ya kukifunga kijaribu: glasi ijae barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, zamisha sindano bila kugusa kioo. Kinatakiwa kisome 0. Usijaribie maji yanayochemka kama uko nyanda za juu, maana huko maji huchemka chini ya nyuzi 100.

Mama Majivu

Mwanangu, Kidole Kinatosha naye usimpuuze. Kitu ni kizuri, namna ya kukitoa ndiyo inaweza kukiharibu. Usimpe mbele ya wageni. Nenda siku moja kabla, mkiwa wawili, na usitaje macho. Macho yake atayasema mwenyewe siku akitaka. Mwambie unataka akufundishe kuchoma, na kwa kuwa wewe huna kidole chake umenunua hiki, akikague kama kinasema kweli. Acha akipime yeye.

Na si uongo, kama kweli utajifunza.

Koleo Refu

Mama amemaliza. Mimi naongeza glavu tu. Chukua za ngozi nene zinazofika karibu na kiwiko, za kushikia wavu na mkaa. Mwambie zisilowe: maji hupitisha joto upesi, glavu iliyolowa inaunguza kama kile kitambaa chake. Na taa ya kichwani, ile ya kufunga kwa mkanda. Wachomaji wengi wa usiku wanavaa, hakuna atakayehoji macho ya mtu.

Swali langu kwako, mpwa: siku hiyo yake, yeye anakula saa ngapi?

Mpwa wa Mwisho

Koleo Refu, swali lako nililisoma nikaweka simu chini. Mjomba anakula mwisho. Anakula kilichobaki, kimepoa, akiwa amesimama. Miaka yote.

Natoa mrejesho, shughuli ilikuwa jana.

Nilifuata maneno ya Mama Majivu. Ijumaa usiku nilikwenda na kipimajoto, glavu na taa kwenye mfuko wa kawaida, sikufunga karatasi ya zawadi. Nilimwambia nataka kujifunza. Akakaa kimya kidogo, akauliza kama hicho kisindano hakidanganyi. Tukatoa barafu, tukapima, kikasoma 0. Akapima chai yake. Akapima maji ya mtungi. Halafu akaniambia nije saa tisa mchana, nisichelewe.

Jana kuku wa kwanza alimbonyeza kwa kidole kama kawaida, akasema tayari, ndipo akachoma sindano: 75. Akanionyesha namba hakusema kitu. Wa pili vilevile. Wa tatu kidole kilisema tayari, sindano ikasema 66, akamrudisha upande wenye joto dogo. Giza lilipoingia akawasha taa ya kichwani na hakuniita nimulike.

Mbavu zilipobakiza kama nusu saa nilimwomba koleo. Akanitazama, akaniambia mkaa nisiuchokoe, nigeuze mara moja tu. Akavua glavu akanipa. Shangazi alikuwa ameshaweka kiti na sahani, paja la kuku limetoka motoni muda huo huo. Alikula amekaa. Aligeuka kunitazama kila baada ya tonge, lakini alikula amekaa mpaka akamaliza.

Swali la mwisho kwa Joto la Ndani: sindano inaoshwaje? Ameniuliza nikashindwa kujibu.

Joto la Ndani

Hongera kwa mzee, na kwako. Sindano ioshwe kwa maji moto na sabuni kila ikitoka kwenye nyama ambayo haijafika joto lake, kabla hujaichoma kwenye nyingine, la sivyo unahamisha vijidudu kutoka kwa kuku mbichi kwenda kwa aliyeiva. Osha sindano peke yake, sehemu yenye namba ifute kwa kitambaa chenye unyevu, usiizamishe kama hawajaandika kwamba inastahimili maji. Na betri mwekee ya akiba ndani ya ile glavu ya kushoto, asije akaikosa usiku.