Naomba ushauri: wageni wa Wi-Fi bado wanaifikia ruta licha ya sheria ya kuzuia

Habari za majukumu wakuu. Nasimamia mtandao wa zahanati ndogo. Ruta ni MikroTik, yenye mitandao miwili: wa ofisi 192.168.10.0/24, wenye kompyuta za mapokezi na seva ya kumbukumbu za wagonjwa, na wa wageni 192.168.20.0/24.

Kwenye forward (sheria za paketi zinazopita kwenye ruta kwenda mtandao mwingine) nimeweka drop, yaani zuio, kutoka wageni kwenda ofisi, chini tu ya sheria inayoruhusu established na related (mawasiliano yaliyokwisha kuanzishwa na yanayohusiana nayo). Hiyo inafanya kazi: simu ya mgeni haiipati seva, na kihesabio cha sheria kinapanda. Lakini simu hiyohiyo ukiandika 192.168.10.1 kwenye kivinjari, ukurasa wa kuingia kwenye ruta unafunguka, na kihesabio hakisogei kabisa. Nadhani ni kwa sababu paketi zinazoishia kwenye ruta yenyewe hupita input, si forward.

Nikaweka drop kwenye input kwa kila kitu kinachotoka kwa wageni. Ukurasa ukafungika kweli, ila wageni wakabaki na Wi-Fi isiyofungua tovuti yoyote, maana ruta ndiyo DNS yao (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Sheria hiyo nimeizima kwanza.

Je, inatosha kuruhusu bandari 53 ya UDP na TCP juu ya hiyo drop, au DHCP nayo (inayowapa vifaa anwani), UDP 67, inahitaji sheria yake? Na ukurasa wa ruta, niutegemee ulinzi wa input pekee au niweke pia anwani za ofisi kwenye ip service (mpangilio wa ruta unaotaja anwani zinazoruhusiwa kufikia huduma zake)?

Humu kuna taarifa za wagonjwa, sitaki kubahatisha. Natanguliza shukrani.