Mlinzi amenusa uji wa mwanangu, kisha akaumwaga

Ndugu wanajamvi, ninaandika nikiwa kwenye daladala, katikati ya foleni ya barabara ya Bagamoyo, mtoto mmoja amelala begani, wa pili analia kwa sababu ambayo hata yeye mwenyewe ameisahau, na wa tatu ananiuliza kwa mara ya kumi na moja kwa nini yule anko alikuwa anavuta harufu ya uji. Sehemu yenyewe sitaitaja, maana mnaifahamu. Ni ile ya ufukweni inayojiita paradiso ya familia, ambayo kila Ijumaa hututumia ujumbe wa kutukaribisha kana kwamba tuliwahi kula nao pilau ya Idi.

Leo mama watoto yuko zamu, kwa hiyo nikajitolea kuwatoa watoto peke yangu. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akakoroga uji wa ulezi, akautia kwenye ile chupa ndogo ya chai yenye maua mekundu, akanikabidhi kwa mikono miwili na kuniambia kwamba mdogo, mwenye miezi 14 na meno manne, asile kitu kingine chochote hadi nitakapomrudisha nyumbani. Hilo ndilo agizo pekee nililopewa.

Tukafika mlangoni. Kiingilio nikalipa bila kinyongo. Mlinzi, kijana mwenye miwani ya jua na kirungu, akafungua mkoba wa mtoto, akatoa nepi, akatoa taulo, akatoa mafuta ya nazi, kisha akaifikia chupa. Akafungua kifuniko, akainamisha pua, akanusa. Hakunusa kama mtu anayetaka kujua ni nini. Alinusa kama mnunuzi wa karafuu kule Pemba, macho ameyafumba, taratibu, kwa pua moja na kisha kwa nyingine. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Wakatazamana.

"Mzee, vinywaji kutoka nje haviruhusiwi."

Nikamwambia kwamba hicho si kinywaji, ni uji wa mtoto. Akaniuliza, kwa utulivu wa hakimu, "Uji unanywewa au unatafunwa?"

Wakuu, mimi ni mtu mzima, nina kazi, nina familia, lakini swali lile lilinikuta sina jibu. Na nilipokuwa bado nimefungua mdomo, akaumimina wote kwenye chungu cha maua, huku mwanangu akiusindikiza kwa macho hadi tone la mwisho, akanirudishia chupa tupu na kunitakia siku njema.

Ya ndani nitayapitia haraka. Chipsi zilikuwa za baridi, bembea mbili kati ya nne zilikuwa zimekatika minyororo, na nilipouliza kama jikoni wana uji, mhudumu alicheka hadi akashika meza. Lakini hayo yote ningeyasamehe. Ninachoshindwa kukisamehe ni kunusa. Kama uji ulikuwa umekatazwa tangu mwanzo, aliunusa wa nini? Nimewahi kusafiri kwa ndege na watoto, na pale uwanjani, ambako hata maji hunyang'anywa yakizidi mililita 100, chakula cha mtoto mchanga hukaguliwa kwa mashine na kuachwa kipite. Hakuna aliyewahi kukiwekea pua.

Sasa tunakaribia nyumbani, na mama watoto atauliza kama mtoto alimaliza uji. Naombeni ushauri.

Shangazi wa Kimara: Pole sana, baba. Mlinzi huyo ninamfahamu, tena nadhani ana undugu na kunguru. Mimi alinikuta na mayai matatu ya kuchemsha, akaniuliza kama ni ya sherehe, maana sherehe zina malipo yake. Tangu siku hiyo watoto ninawapeleka Kijiji cha Makumbusho, hapo hapo kando ya barabara ya Bagamoyo unakolilia wewe, wakaingie kwenye nyumba za asili za makabila na kukimbizana kati ya msonge na tembe hadi wachoke.

Mtu wa Kona: Mkuu, uzi ni mrefu lakini swali la msingi umelikwepa. Uji unanywewa au unatafunwa?

Mwanzisha uzi: Unanywewa. Najua kwamba unanywewa. Lakini aliunusa kwanza!

Mtu wa Kona: Basi ni kinywaji na kimetoka nje. Kesi imefungwa, mshtakiwa arudi nyumbani kwa mkewe.

Wakili wa Jioni: Ninyi mnalilia uji, wakati mimi nililipishwa kiingilio cha mtu mzima kwa binti yangu wa miaka tisa. Pale kwa jirani yao, mtoto husimamishwa kwenye nguzo iliyochorwa mstari, na akiupita mstari anahesabiwa kuwa mkubwa. Niliwaeleza kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 na haizungumzii nguzo hata kidogo, wakanijibu kwamba sheria nimeiacha huko nilikotoka. Mstari wenyewe umechorwa usawa wa kitovu changu, na mimi si mrefu.

Bibi Mdogo: Wajukuu wangu mimi huwapeleka Makumbusho ya Taifa pale Posta. Tulisimama mbele ya maonyesho ya yule Zinjanthropus aliyepatikana Oldupai mwaka 1959, na mdogo wao alipoyaona magego yale makubwa akaniuliza alikuwa anakula nini. Mwanzisha uzi, huyo angeweza kulijibu swali la mlinzi: alikuwa anatafuna.

Mwanzisha uzi: Bibi, shikamoo. Tafadhali turudi kwenye kunusa.

Baba Mapacha: Heri yako wewe uliyepita mlangoni. Mimi niliwaahidi wanangu Mbudya wiki nzima. Kisiwa chenyewe hakina kosa, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, na maji yake unaona hadi mchanga. Kosa ni la mwenye mashua, ambaye alitoa maboya mawili ya kuvaa, yote ya ukubwa wa watu wazima, akamvisha mwanangu mmoja likamfika magotini kama kanzu ya babu yake. Nilipouliza ya watoto yako wapi, alisema watoto huwa wanashikwa mkono. Nikakataa kupanda. Tukashinda ufukweni tukikitazama kisiwa kwa mbali, na hadi leo pacha mmoja hunitambulisha kwa wageni kama baba aliyeogopa maji.

Mtu wa Kona: Na uliogopa.

Baba Mapacha: Niliogopa kwa niaba yao.

Mama wa Watatu: Mmewahi kufanya sherehe ya kuzaliwa ya mtoto kwenye hizo paradiso? Sisi tulilipia viti, tukalipia turubai, tukalipia kuingiza keki tuliyoioka wenyewe, na wakati wa kuikata tukaambiwa kwamba kisu nacho kina malipo yake. Mume wangu aliikata kwa kadi ya benki. Watoto 20 wameimba, mishumaa imeyeyuka, na baba mtu anasugua siagi kwenye namba zake za akaunti.

Wakili wa Jioni: Kisu kilikuwa bei gani?

Mama wa Watatu: Elfu tano, na unaacha kitambulisho.

Mwanzisha uzi: Nimeshuka kituoni. Nimepitia kwa muuza uji wa pilipili manga ili angalau chupa isirudi tupu. Mnaonaje?

Shangazi wa Kimara: Mama wa Watatu, keki yenyewe ilikuwa ya ndizi au ya kawaida?

Mama wa Watatu: Ya karoti, kilo mbili.

Jirani wa Goba: Samahani, mimi nilikuwepo kwenye sherehe hiyo na wanangu wawili. Keki sikuiona.

Mama wa Watatu: Jirani, ulifika saa kumi na moja jioni na zawadi ya daftari moja.