Mrejesho: Pilipili zangu za jalapeno hatimaye zimezaa

Mwezi Januari niliuliza kwa nini jalapeno nilizopanda kwenye ndoo, hapa Dar es Salaam, zilikuwa zikipukutisha maua kabla ya kuzaa. Kama mlivyonishauri, niliacha kuweka mbolea ya urea, ambayo kumbe ilikuwa ikinenepesha majani tu, nikazihamishia ndoo upande usiopigwa na jua la alasiri, na nikawa namwagilia asubuhi mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini. Juzi nimevuna pilipili 23, nikizikata vikonyo kwa mkasi, kwa kuwa ya kwanza niliivuta kwa mkono ikaondoka na tawi zima. Vimistari vya kahawia kwenye ganda, nilivyovidhania ugonjwa, ni dalili ya kukomaa. Nilizipasua bila glavu, kisha nikajifuta jicho. Nilikiona cha moto.