Mkanda wa jeshi umepona ila mama bado anaungua, shida nini?

kijana_wa_korogwe: Habari zenu wakuu. Bi mkubwa wangu ana miaka 67, mwezi wa pili alishikwa na mkanda wa jeshi ubavu wa kushoto, malengelenge yalikauka yakabaki makovu tu, lakini mpaka sasa mwezi wa saba kanga ikimgusa pale anaruka kama kamwagiwa maji ya moto, usiku analala kainyanyua nguo kwa vidole isimguse. Diklofenaki kameza mpaka tumbo linamuuma. Jirani anasema anadeka, inaniuma sana. Kidonda hakipo, maumivu yanatoka wapi?

neva_na_damu: Pole sana mkuu, na huyo jirani hajui, mama hadeki. Kilichopona ni ngozi, neva bado. Kirusi cha mkanda ndo kile kile cha tetekuwanga, kinajificha miaka mingi kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo, kinga ikishuka kinaamka na kufuata neva mpaka kwenye ngozi. Kikiharibu neva seli za kinga kama makrofeji zinakimbilia pale kusafisha, ila zinamwaga kemikali kama TNF na intalukini ambazo zinalegeza chaneli za ioni, yaani vile vitundu kwenye utando wa neva, vya sodiamu vikifunguka tu neva inapiga umeme. Sasa hata kanga inatosha kuvifungua. Kuna chaneli nyingine TRPV1, ndo inayofanya pilipili iwashe, kawaida inafunguka joto likifika kama nyuzi 43, ila penye uvimbe kiwango kinashuka mpaka joto la mwili lenyewe linaifungua. Kwa hiyo mama akisema anaungua, neva kweli inapeleka habari za moto.

dada_wa_maabara: Naongezea, haiishii ubavuni. Ndani ya uti wa mgongo kuna maikroglia, seli za kinga za huko huko, neva ikiumia zinaamka na kulegeza breki inayozuia mguso wa kawaida usiingie njia ya maumivu. Hii imeonekana zaidi kwa panya dume, kwa majike inaonekana seli T, aina ya seli nyeupe za damu, ndo zinashika usukani, natamani watafiti wangelifuatilia zaidi maana wanaoteseka huku wengi ni mama zetu.

mwana_tanga: Mama mdogo alipitia hii. Diklofenaki aache, haigusi maumivu ya neva na tumbo litaharibika. Daktari alimwandikia gabapentini, inashika chaneli za kalsiamu neva ikapunguza kelele, na lidokeini ya kupaka, ni ganzi ile ile ya kung'olea jino, inaziba za sodiamu. Wengine wanapewa amitriptilini usiku ila kwa wazee inaleta kizunguzungu wakaanguka. Msinunue wenyewe duka la dawa, gabapentini dozi inategemea figo.

kijana_wa_korogwe: Asanteni sana ndugu zangu. Figo hatujawahi kupima na ana presha, Ijumaa nampeleka tuanzie hapo.