Tupeane uzoefu: wazee wetu waliofanya kazi za kompyuta na mitambo, kazini, nyumbani na baada ya kustaafu

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Tumempoteza baba mwaka huu, mzee aliyekula chumvi nyingi. Tulipokaa kuandika wasifu wake tulikwama kwenye kipengele cha kazi. Nyumba nzima tulijua tu kwamba "yuko kwenye kompyuta". Alichokuwa akifanya hasa nilikielewa kwa sababu alinieleza mwenyewe alipostaafu, siku alizopata nafasi ya kukaa na kusimulia.

Alianza enzi za kadi za kutoboa, karatasi ngumu ambazo programu iliandikwa kwa matundu ili kompyuta iisome. Kadi moja ina safu 80, kila safu inabeba herufi moja, na kadi nzima ni mstari mmoja tu wa programu. Sanduku la kawaida lilichukua kadi 2,000. Unakabidhi fungu lako dirishani, unasubiri, kesho yake unapewa karatasi inayokwambia umesahau nukta mahali fulani, unaanza upya. Alikuwa na fungu moja alilolihifadhi, na juu ya kingo zake amechora mstari wa mshazari kwa kalamu ya wino mzito. Siku moja alilimwaga mezani makusudi, akalichanganya, kisha akalipanga upya mbele yangu bila kusoma hata kadi moja. Aliufuata mstari tu: pale unapokatika, kadi imekaa pasipo pake.

Huyo ndiye aliyekuwa akikagua madaftari yetu kila jioni. Hakuwa mtu wa kusema "umekosea". Alisema "soma tena mstari wa tatu", halafu ananyamaza mpaka ulione kosa mwenyewe. Nilipoelewa kazi yake ndipo nilipoelewa subira ile ilitoka wapi.

Wenye wazee wa aina hii, leteni zenu. Kazi yao ilikuwa nini, nyumbani walikuwaje, na walipostaafu walijishughulisha na nini? Naamini wengi wetu tuliishi nao bila kuijua kazi iliyotusomesha.

#2

Pole sana kwa msiba, mkuu.

Wangu ni babu mzaa mama, fundi wa mitambo ya simu. Enzi zake simu ziliunganishwa na swichi za chuma zinazopanda na kuzunguka kufuata namba unayozungusha. Mfumo huo ni wa Strowger, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1891. Babu alipenda kutusimulia kwamba Strowger alikuwa mfanyabiashara wa shughuli za mazishi, na inasemekana aliubuni mtambo ule kwa kuamini kuwa mhudumu wa simu anawapeleka wateja wake kwa mshindani. Sisi wajukuu tuliijua hadithi hiyo kwa moyo na bado tulimwomba airudie.

Chumba cha mitambo kililia usiku na mchana, na babu alipita katikati ya safu akijua kwa sikio ni swichi ipi imekwama. Kisha ikaja mitambo ya elektroniki, iliyo kimya, inayoendeshwa kwa programu. Sikio lile halikuwa na kazi tena. Wenzake wengi wa rika lake waliomba kuondoka. Yeye alirudi darasani na vijana wa umri wa kuwazaa. Mama anakumbuka wakisoma meza moja usiku, yeye na vitabu vyake vya shule, babu na kitabu cha hesabu za sifuri na moja, wakiulizana maswali kwa zamu.

Alipostaafu alikata leseni ya redio za mawasiliano, zile ambazo mtu binafsi anaruhusiwa kurusha sauti na kuzungumza na wenzake wa nchi nyingine. Alijifunza na alfabeti ya Morse uzeeni, ile ya kutuma herufi kwa milio mifupi na mirefu. Kila asubuhi alikuwa hewani kwanza, kisha matembezi, na ukimkuta njiani vidole vyake vinagonga paja.

#3

Poleni wote. Sina la kuongeza, mzee wangu alikuwa dereva, lakini nasoma kila neno.

#4

Mimi naandika kama mjane. Mume wangu alikuwa msimamizi wa seva, zile kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine na hazizimwi usiku wala mchana. Simu ya usiku ililia kwetu miaka yote ya ndoa, na alijizoeza kuipokea kabla ya mlio wa pili ili watoto wasiamke. Asubuhi ni yeye aliyewapeleka shule, hata kama amelala saa mbili tu.

Ila nataka niseme ukweli kuhusu kustaafu, maana wasifu huwa unaruka sehemu hii. Simu ilinyamaza, na yeye akawa anaamka saa zile zile, anakaa sebuleni taa zimezimwa. Nikimuuliza anasema haumwi. Kweli hakuwa anaumwa. Alizoea kuhitajika, na sasa hakuna aliyemwita. Ilichukua muda mrefu, na mimi nilichoka pia.

Kilichomwinua ni darasa la watu wazima wanaojifunza kompyuta kwa mara ya kwanza, wengi wao bibi na babu waliotaka kuona picha za wajukuu. Alienda kusaidia siku moja, akawa wa kila wiki. Nilikwenda kumwangalia. Alisimama nyuma ya bibi mmoja anayehangaika kutafuta herufi, mikono ameikunja mgongoni kabisa. Nikamuuliza kwa nini hamsaidii. Akasema akikishika kipanya yeye, bibi atajifunza kwamba mwalimu anaweza. Bibi alimaliza ujumbe wake, mstari mmoja, akageuka kumtazama. Mume wangu alirudi nyumbani anaimba.

Kama mzee wako anakaribia kustaafu, msimsukumie mapumziko tu. Mtafutieni watu wa kumhitaji.

#5

Shikamoo mama, na pole. Umenigusa.

Baba yangu alikuwa mtu wa COBOL, lugha ya programu iliyoanza kutungwa 1959 na ambayo benki nyingi bado zinaitegemea. Kuna jambo huwa linaniuma. Watu wanasema ile hofu ya mwaka 2000 ilikuwa kelele za bure kwa sababu hakuna kikubwa kilichoharibika. Hakikuharibika kwa sababu kuna watu walikesha! Programu za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana nafasi, kwa hiyo 00 ingesomeka 1900. Baba na wenzake walipitia programu hizo mstari kwa mstari kwa miaka. Usiku wa 31 Desemba 1999 hakuwa nasi, alikuwa kazini.

Akabaki macho tena 29 Februari. Mwaka unaoishia na 00 kwa kawaida si mrefu (hauna 29 Februari), 1900 haukuwa, lakini ukigawanyika kwa 400 unakuwa mrefu. Kuna programu zilizojua kanuni ya kwanza bila kujua ya pili.

Alipostaafu akawa babu wa kudumu. Aliwapikia wajukuu na akawafundisha kuendesha baiskeli. Mwanangu mkubwa, babu yake alimwandikia kwenye karatasi tarehe moja: 19 Januari 2038, siku ambayo mifumo inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 (yaani nafasi 32 za sifuri na moja) itafika ukomo wake. Akamwambia, "Hii ni zamu yenu." Kijana sasa anasomea fani hiyo hiyo.

#6 (mwanzisha uzi)

Mama, hilo la mikono mgongoni nimewasomea wadogo zangu. Asante sana. Nina swali la vitendo kwa wote: baba ameacha kompyuta, diski na tepu za zamani, na akaunti nyingi. Tuanzie wapi?

#7

Mkuu, sisi tulipitia hayo. Usiifunge laini yake ya simu mapema. Akaunti nyingi zinathibitisha mtu kwa namba ya simu au barua pepe, ukiipoteza laini umejifungia nje. Barua pepe yake nayo iacheni hai mpaka mmalize mengine.

Tepu na diski msiziweke "mpaka tupate nafasi". Sumaku hufifia, na mashine za kuzisoma zinapungua kila mwaka. Tafuteni mwenye mashine sasa, nakilini kila kitu, na nakala zikae sehemu mbili tofauti.

Na kabla hamjafuta chochote, someni maelezo aliyoandika ndani ya programu zake. Baba yetu aliandika humo tarehe na sababu ya kila badiliko. Kwenye moja tulikuta: "Nimeacha hapa, naenda kwenye mahafali ya binti yangu, nitaendelea kesho." Huyo binti ni mimi.